Lishe ya Watoto Waliozaliwa Kabla ya Siku Zao: Mhadhara juu ya Maziwa ya Mama na Nyongeza Yake



Mtoto anayezaliwa kabla ya juma la 32 la mimba, ambaye aghalabu uzani wake huwa chini ya gramu 1500, huja ulimwenguni na haja mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kupingana: anayahitaji maziwa ya mama yake kuliko mtoto mwingine yeyote, na papo hapo maziwa hayo, yakiwa peke yake, hayatoshi kumjenga. Wako watu ambao kwa mapenzi yao juu ya maziwa ya mama huikataa nusu ya pili ya kauli hii, na wako wengine ambao kwa imani yao juu ya makopo na pakiti za viwandani huisahau nusu ya kwanza. Muradi wa mhadhara huu ni kuonyesha kwamba nusu zote mbili ni kweli, kwamba ya kwanza ndiyo msingi wa ya pili, na kwamba hospitali inayotanguliza nyongeza ikachelewesha maziwa hukosa faida ya maziwa na ya nyongeza pia.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa katika mwaka 2020 walizaliwa watoto wapatao milioni 13.4 kabla ya juma la 37, yaani takriban mtoto mmoja katika kila kumi, na taabu zinazotokana na kuzaliwa mapema ndizo sababu kubwa kuliko zote za vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Wengi katika hesabu hiyo wamepungukiwa na majuma machache tu, nao huweza kushika ziwa la mama siku ileile ya kuzaliwa au siku chache baadaye. Hao siwasemi leo. Nawasema wale wadogo kabisa, njiti wa gramu 800, 1000 au 1300, ambao ngozi yao huonyesha mishipa na ambao chakula chao hupimwa kwa mililita, maana kwao mililita moja ina uzito ambao kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni haina.

Tuanze na kazi ya tumbo la mama katika miezi mitatu ya mwisho, kwa kuwa asiyeijua kazi hiyo hawezi kufahamu kilichopotea. Katika juma la 28 mtoto tumboni ana uzani wa kilo moja au kuzidi kidogo. Akitimiza juma la 40 amefika kilo tatu na zaidi. Ameongezeka mara tatu katika majuma kumi na mawili, ilhali mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa wakati wake huchukua miezi minne au mitano kuongeza uzani wake mara mbili tu. Katika muda huohuo sehemu nne kwa tano za chokaa (kalsiamu) yote itakayokuwamo katika mifupa yake siku ya kuzaliwa hupita kutoka damu ya mama kwenda kwake, pamoja na fosforasi, na sehemu kubwa ya akiba ya madini ya chuma, na mafuta ya chini ya ngozi. Na ubongo, ambao katika juma la 34 hufikia kiasi cha asilimia 65 tu ya uzani utakaokuwa nao kwenye siku yake ya haki, hukua na kujikunja kwa haraka ambayo haitarudi tena katika umri wote wa mwanadamu. Basi mtoto anayetoka katika juma la 28 ni mfano wa jahazi lililong'oa nanga ilhali wapagazi wako bado ufukoni na theluthi mbili za shehena: safari imekwisha kuanza, na kilichobaki sharti kipakiwe baharini.

Nani atakipakia, na kwa njia gani? Mtoto wa umri huo hawezi kunyonya. Kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi ni mambo matatu yanayotaka mpango mmoja, na mpango huo haukamiliki mpaka karibu na juma la 34. Kwa hiyo hulishwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani au kinywani hadi tumboni. Hekima hii si ya jana: Stéphane Tarnier, tabibu wa uzazi wa Paris, aliitumia katika miaka ya 1880, zama zilezile alizoingiza kisanduku cha joto katika hospitali ya wazazi ya mji ule, na tangu wakati huo ikajulikana kwamba mrija na joto huweza kuokoa watoto ambao walikuwa wakiachwa kufa.

Sasa naomba ruhusa ya kufanya hesabu kidogo, kwa sababu katika jambo hili hesabu ndiyo hoja yenyewe. Tuchukue mtoto wa kilo moja kamili. Tumbo lake dogo, likishazoea, huweza kupokea mililita 150 hadi 180 za maziwa kwa siku, tuseme 160. Kiasi hicho kisidharauliwe: lau mtu mzima wa kilo 60 angenyweshwa kwa kadiri hiyohiyo, angelazimika kumaliza lita tisa na nusu kati ya alfajiri moja na nyingine. Maziwa ya mama, majuma kadhaa baada ya kujifungua, huwa na kiasi cha gramu 1.2 za protini katika mililita 100. Kwa hiyo mtoto wetu hupata protini isiyofika gramu mbili, ilhali ili akue kama alivyokuwa akikua tumboni hutaka gramu tatu na nusu hadi nne na nusu. Kalsiamu anayopewa ni takriban miligramu 45. Tumboni alikuwa akipokea miligramu 100 hadi 130 kila siku. Fosforasi haizidi miligramu 25. Tumboni ilikuwa 60 au 70. Na mtu akisema, basi na aongezewe maziwa mpaka protini itimie, jawabu ni kwamba atahitaji zaidi ya mililita 330, ambayo kwa yule mtu mzima wetu ni karibu lita ishirini kwa siku. Hakuna tumbo, wala moyo, wala pafu la njiti linaloweza kustahimili gharika hiyo.

Maziwa hayalaumiwi kwa nakisi hii. Maziwa ya mama yalikadiriwa kwa mtoto aliyetimiza siku zake, naye hukidhiwa nayo haja zake kwa ukamilifu ambao kiwanda chochote hakijaufikia. Tena kuna jambo la ajabu ambalo wachunguzi walilithibitisha zamani, nalo ni kwamba mama aliyejifungua kabla ya wakati hutoa, katika majuma ya kwanza, maziwa yenye protini nyingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi yake, kana kwamba mwili umeitambua haja ya mtoto ukajaribu kuikidhi. Lakini ziada hiyo hupungua juma kwa juma, ilhali haja ya mtoto haipungui. Hapo ndipo nakisi inapojikusanya kimyakimya: mtoto yu hai, hana homa, uzani wake hausogei ila kidogo, na kipimo cha kichwa chake, ambacho ndicho ushahidi wa nje wa ubongo wa ndani, huanza kushuka chini ya mstari wake. Baada ya majuma sita au manane mifupa yake huwa laini, na imepata kuonekana katika picha za mionzi mbavu zilizovunjika kwa kubebwa tu na mikono yenye huruma.

Ikiwa maziwa yana nakisi hii yote, mbona basi tusiyaache tukampa mtoto maziwa ya kopo yaliyotengenezwa makusudi kwa njiti, yenye protini na chokaa tele? Swali hili liliulizwa kwa insafu, na lilijibiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1990 Alan Lucas na T. J. Cole walichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto njiti 926 wa Uingereza, wakaonyesha kwamba waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipatwa na ugonjwa wa kuoza utumbo mara sita hadi kumi zaidi kuliko waliolishwa maziwa ya binadamu peke yake. Ugonjwa huo, kwa asiyeujua, huanza kwa tumbo kujaa na matapishi ya kijani, na katika saa chache utumbo huweza kufa na kutoboka. Wengi katika wanaopatwa hufa, na wanaopona huweza kubaki na utumbo mfupi umri wao wote. Miaka miwili baadaye Lucas na wenziwe walieleza kwamba watoto waliozaliwa njiti wakapewa maziwa ya mama zao, walipotimiza miaka saba na nusu au minane, waliwapita wenzao kwa alama 8.3 katika vipimo vya akili, ingawa wote walikuwa wamelishwa kwa mrija. Uchunguzi huu wa pili haukuwa wa kura, na mama aliyejitaabisha kukamua maziwa huenda alikuwa tofauti na mwingine kwa mambo mengi; kwa hiyo alama hizo nane nazitaja kwa tahadhari. Habari ya utumbo sina tahadhari nayo, kwa kuwa yamekuja mengine baada yake kuitilia nguvu. Maziwa ya binadamu huulinda utumbo wa njiti, na mtoto aliyekufa kwa utumbo hana haja ya mifupa migumu.

Ndiyo maana njia iliyobaki ni moja: maziwa ya mama yabaki kuwa chakula, na ndani yake kitiwe kile kilichopungua. Kirutubishi cha maziwa ya mama ni unga au maji mazito yaliyokusanya protini, kalsiamu, fosforasi, vitamini na madini mengine, pamoja na nguvu kidogo ya ziada. Aghalabu asili yake ni maziwa ya ng'ombe yaliyosafishwa na protini yake kuvunjwavunjwa ili iwe nyepesi. Kikipimwa ipasavyo, maziwa yenye kalori 67 katika mililita 100 hupanda mpaka 80 au zaidi, na protini huongezeka kwa gramu moja hivi, hata mtoto wetu wa kilo moja, kwa mililita zilezile 160, akapata gramu tatu na nusu badala ya mbili. Kiasi cha maziwa hakikubadilika. Kilichobadilika ni kilichomo.

Lakini kabla ya kirutubishi kuna mama, na hapa naomba tukae kitambo, kwa sababu ndipo penye taksiri kubwa. Mama aliyejifungua njiti mara nyingi amepasuliwa, au ametoka katika kifafa cha mimba, au amepoteza damu. Mtoto wake amechukuliwa kwenda chumba kingine. Matiti yake hayana wa kuyanyonya. Maziwa hutoka kwa kuitwa. Asipoanza kukamua katika saa chache za mwanzo, na asipokamua mara nane au zaidi katika mchana na usiku, mwili utafahamu kwamba hapana mtoto, na katika juma la pili, wakati mtoto ndipo anapoanza kuyahitaji kwa wingi, maziwa yatakuwa yamekauka. Dang'a ile ya siku za mwanzo, ambayo katika baadhi ya nyumba zetu hukamuliwa ikamwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu, ndiyo yenye kinga nyingi kuliko maziwa yote yatakayofuata, na kwa njiti matone yake machache yanayopakwa ndani ya shavu au kuteremshwa kwa mrija ni amana isiyofaa kupotea hata kidogo.

Mwambao tuna ada ya arobaini, ambayo kwa asili yake ni ada ya rehema: mzazi asitoke, asifanye kazi, akandwe kwa maji ya moto, alishwe vizuri, ahudumiwe na mama yake na mama mkwe na mawifi. Mzazi wa njiti akirudishwa nyumbani kuitimiza ada hiyo, ilhali mtoto amebaki wodini, rehema hugeuka kuwa kizuizi, kwa kuwa maziwa hayawezi kukamuliwa mara nane nyumbani Magomeni yakamfikia mtoto hospitalini Muhimbili. Rai yangu ni kwamba arobaini ihamie hospitalini. Mama alale karibu na mtoto. Huyo mama mkwe alete uji na supu pale. Na mtoto, hali yake ikiruhusu, afungwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kama Edgar Rey alivyoanzisha mjini Bogotá mwaka 1978. Faida yake si ya kukisiwa. Katika uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, watoto wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 katika siku 28, na waliongojea kwanza watengemae katika visanduku walikufa asilimia 15.7. Na mama aliyembeba mtoto kifuani hupata pia wepesi wa kukamua, jambo ambalo kila muuguzi wa wodi hizo huliona kwa macho yake.

Maziwa yakipatikana, hayaanzi yote kwa mara moja. Siku za kwanza mtoto hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kisha huongezewa. Zamani kuongeza kulifanywa kwa hofu nyingi, hata watoto wakakaa majuma kwa maji ya mishipani na chakula kidogo. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2019, uliokusanya watoto 2804, ulilinganisha kuongeza mililita 18 kwa kila kilo kwa siku na kuongeza 30, na haukuona tofauti katika idadi ya watoto waliofikia miezi 24 wakiwa hai bila ulemavu wa wastani au mkubwa. Na sasa Shirika la Afya Ulimwenguni hukubali kuongeza hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto akifika mililita 50 hadi 100 kwa kilo, tumbo likiwa laini na matapishi hayana rangi ya kijani, ndipo wakati wa kirutubishi unapowadia.

Utumiaji wake una adabu. Unga wa kirutubishi, kama unga wowote wa maziwa, haukuondolewa vijidudu vyote. Mwaka 2001 katika jimbo la Tennessee, Marekani, mtoto njiti alikufa kwa kijidudu kilichotoka katika unga wa maziwa ya kopo, na tangu hapo hospitali nyingi za nchi ile zilihamia kwenye virutubishi vya majimaji vilivyotakaswa. Penye unga, basi uchanganywe na mikono iliyooshwa, juu ya meza safi, kwa kipimo cha pakiti na si kwa kukadiria kwa jicho, na kwa maziwa ya muda mfupi ujao, si ya kesho kutwa. Tena mafuta ya maziwa hung'ang'ania kuta za mrija: maziwa yanayotiririshwa polepole kwa saa nyingi humfikia mtoto yakiwa yamepungua nguvu, na yanayoteremshwa kwa mkupuo kila saa mbili au tatu hupoteza kidogo zaidi. Ni aibu kununua nguvu kwa fedha katika pakiti, kisha kuiacha ikishikamana na plastiki.

Na kirutubishi kisitiwe kikaachwa bila kuhesabiwa. Maziwa ya mama mmoja hayalingani na ya mwingine, wala ya asubuhi na ya usiku, na kipimo kimoja kwa watoto wote humwacha mmoja na upungufu. Mwaka 2006 Arslanoglu, Moro na Ziegler walionyesha njia ambayo hospitali isiyo na mashine za thamani huweza kuifuata, nayo ni kupima urea katika damu ya mtoto: ikiwa chini, protini haitoshi na huongezwa; ikiwa juu, hupunguzwa. Uzani upimwe kila siku, urefu na kichwa kila juma, na viandikwe kwenye mchoro ambao tabibu huusoma, badala ya daftari linalofungwa kabatini.

Insafu inanilazimisha nieleze pia mpaka wa ushahidi. Walipokusanywa pamoja watoto wote waliochunguzwa, ilidhihirika kwamba kirutubishi huongeza ukuaji wa uzani kwa kiasi cha gramu mbili kwa kilo kwa siku, na urefu na kichwa vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, na haikuonekana kwamba huzidisha ugonjwa wa utumbo. Lakini kwamba watoto hao huwa na akili bora au siha bora ukubwani, hilo halijathibitika. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2022, halikuamuru kirutubishi kwa kila njiti, bali limesema kinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya juma la 32 au chini ya kilo 1.5 wanaolishwa maziwa ya binadamu. Naliona neno hilo kuwa la hekima. Hospitali ya wilaya yenye fedha haba haipaswi kukinunua kwa ajili ya mtoto wa kilo mbili ambaye ziwa la mama litamtosha. Hata hivyo mwenye njiti wa gramu 900 mbele yake, aliyekwisha kuona mbavu laini na kichwa kisichokua, hatangoja vipimo vya akili vya miaka minane ndipo ampe mtoto fosforasi.

Iko aina nyingine ya kirutubishi, iliyotengenezwa kwa maziwa ya binadamu yenyewe, ghali mno, ambayo ilitangazwa kuwa salama kuliko ile ya ng'ombe. Uchunguzi wa Sweden uitwao N-forte, uliokusanya watoto 228 wadogo kabisa, haukuona kwamba inapunguza ugonjwa wa utumbo, maambukizo ya damu wala vifo ikilinganishwa na ya ng'ombe. Nchi zetu zisione unyonge kwa kuikosa.

Aina hiyo inatufikisha kwenye suala linalotugusa sisi watu wa pwani kuliko wengi, yaani maziwa ya mwanamke mwingine. Mama akifa, au akiwa mahututi, maziwa ya mama mwingine yaliyotiwa moto wa nyuzi 62.5 kwa nusu saa ndiyo badala bora kuliko kopo. Vienna ilianzisha benki ya maziwa mwaka 1909, na Kenya ilifungua ya kwanza yake mwaka 2019 katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi. Lakini Waislamu wa mwambao, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, wanajua kuwa kunyonya mara tano zilizopambanuka kabla ya miaka miwili huleta udugu, na udugu huo huharimisha ndoa kama udugu wa nasaba. Wala haukhusu ziwa peke yake. Kwa rai ya wengi wa wanazuoni maziwa yanayofika tumboni kwa chombo yana hukumu ileile, na mrija ni chombo. Ulamaa hawakukubaliana katika jambo la benki. Chuo cha Fiqhi ya Kiislamu, kilipokutana Jeddah mwaka 1985, kilizikataza katika nchi za Kiislamu kwa kuchelea kuchanganyika nasaba. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 2004, liliruhusu njiti kupewa maziwa hayo kwa kuwa ni dharura.

Haja hii haifai kudharauliwa na matabibu, wala kugeuzwa sababu ya kumwacha mtoto afe. Suluhisho lake liko, na Kuwait na Malaysia wamelijaribu: maziwa yasichanganywe, bali mwanamke mmoja anayejulikana ampe mtoto mmoja au watoto wachache wanaojulikana, jina lake na jina la mtoto yaandikwe, na jamaa za pande zote mbili wapewe maandishi hayo ili mahrimu watambulikane. Mashekhe wetu waalikwe hospitalini mapema kuutunga utaratibu huo pamoja na wauguzi, isingojwe mpaka usiku ambao mama amekufa na baba anatakiwa kujibu kwa nusu saa. Maziwa ya mama mzazi hayana suala hili kabisa, na kirutubishi cha ng'ombe hakileti udugu. Kile kilichotengenezwa kwa maziwa yaliyochanganywa ya wanawake mia ndicho ambacho mzazi Mwislamu ana haki ya kuambiwa asili yake.

Na hospitali isiyo na kirutubishi ifanyeje? Isikate tamaa. Maziwa ya mwisho wa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Yakitengwa na kupewa mtoto kwanza humwongezea nguvu, ingawa hayamwongezei protini. Kiasi kinaweza kupandishwa kwa uangalifu. Fosforasi, kalsiamu na vitamini D huweza kutolewa peke yake kama dawa, na madini ya chuma baada ya majuma mawili. Lisilofaa ni mama kuanza mwenyewe, akisharudi nyumbani, kutia katika maziwa yake sukari, unga au asali kwa kuwa alisikia kwamba maziwa ya njiti huongezewa. Asali hasa ni hatari kwa mtoto yeyote asiyetimiza mwaka.

Waheshimiwa, wako katika ukumbi huu watu wanaotia saini bajeti za wodi za watoto wachanga, na ombi langu ni kwao. Katika orodha ya mwaka ujao, kabla ya mashine ya bei kubwa, andikeni vitanda na viti vya akina mama ndani ya wodi, maji na sabuni, vikombe vya kukamulia vinavyochemshika, vibandiko vya majina, jokofu lenye kipimajoto, mizani inayosoma gramu, utepe wa kupimia kichwa, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ambaye kazi yake ni kuwasaidia mama kukamua. Hayo yakitimia, andikeni kirutubishi kwa watoto walio chini ya gramu 1500, mkihesabu idadi yao ya mwaka uliopita ili kisikauke katikati ya mwaka; na yasipotimia, kirutubishi hicho kisinunuliwe kwanza, kwa sababu hakutakuwa na maziwa ya kukitia.